Msiisingizie Dijitali

Fungulia kipindi chochote cha zilipendwa, mwache mtangazaji amalize kuwasifu wapiga gitaa wa enzi hizo, na hukumu itafuata: muziki wa siku hizi hauna uhai kwa sababu unatengenezwa kwa kompyuta. Wenye ujuzi kidogo wa vyombo huongeza maelezo. Santuri, wanasema, hubeba wimbi zima la sauti kama lilivyotoka kooni na kwenye nyuzi. Dijitali hulikatakata wimbi hilo, ikabakiza vipande na kutupa kilichokuwa katikati yake. Kwa hiyo santuri ina joto, faili ina baridi. Mkanda una roho, kompyuta haina. Kauli hii imezoeleka mno, hata prodyuza kijana aliyezaliwa wakati kaseti zinakata roho anaikariri huku ameketi mbele ya kompyuta inayomlipia kodi ya nyumba.

Kauli hiyo si kweli, na kasoro yake si kutiwa chumvi tu. Msingi wake ni mbovu. Hesabu inaikataa, majaribio ya masikio yanaikataa, na historia ya santuri zenyewe inaikataa. Tena ina madhara: inawaficha wanaouharibu muziki kweli, na inatupa kisingizio cha kuacha kanda zetu zioze makabatini.

Tuanze na hivyo vipande. Kompyuta inaporekodi hupima kimo cha wimbi la sauti mara nyingi kila sekunde. Kwenye CD ni mara 44,100. Ukizichora nukta hizo kwenye karatasi na kuziunganisha kwa rula, utapata kitu kinachofanana na ngazi. Picha ya ngazi hiyo imechapwa kwenye majarida na matangazo ya vyombo vya muziki tangu CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, na ndiyo iliyowashawishi watu kwamba sauti ya kidijitali imejaa mapengo. Picha hiyo haionyeshi kinachotoka kwenye spika. Inaonyesha kazi iliyoachwa njiani kabla haijaisha.

Harry Nyquist, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani, aliweka msingi wa jambo hili, kurudisha wimbi kutokana na nukta, mwaka 1928 akishughulika na telegrafu, wala si muziki. Vladimir Kotelnikov akalithibitisha huko Urusi mwaka 1933, na Claude Shannon wa Bell Labs akaliandika kwa ukamilifu mwaka 1949. Kanuni yao ni hii: ikiwa masafa yote yaliyomo ndani ya wimbi yako chini ya nusu ya kasi ya upimaji, basi wimbi hilo linaweza kurudishwa lote kutokana na vipimo hivyo peke yake. Hakuna kukisia hapo wala kukaribia tu. Mwanafunzi wa sekondari anajua kwamba ukipewa nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja, duara linalopita katika zote tatu ni moja tu. Hajapata kutokea mwalimu aliyelalamika kwamba sehemu ya duara iliyo kati ya nukta na nukta imepotea. Ndivyo ilivyo kwa vipimo vya sauti. Wimbi linalopita katika nukta zote na kutii mpaka ule wa masafa ni moja, nalo ndilo lililoingia kwenye maikrofoni.

Nusu ya 44,100 ni 22,050. Sikio la binadamu mwenye afya, tena kijana, hukoma kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na hushuka kadiri umri unavyopanda. Mzee wa miaka 60 anayeapa kwamba anasikia kilichokosekana juu ya 22,050 anajisifia masikio ambayo hata mjukuu wake hana.

Hapo mbishi hodari hubadili njia. Husema: haya, masafa sawa, lakini je, wakati? Masikio mawili yanaweza kutambua sauti iliyotangulia kufika sikio moja kwa takriban mikrosekunde 10, ilhali vipimo vya CD vimeachana kwa mikrosekunde karibu 23. Si basi tumepoteza mahali ala ilipokuwa jukwaani? Hoja hii inasikika ya kisayansi, lakini imejengwa juu ya ngazi ileile. Wimbi likichelewa kidogo tu, hata kwa sehemu ndogo ya mikrosekunde, vimo vyake vyote kwenye nukta za kupimia hubadilika, na linaporudishwa hurudi likiwa na ucheleweshaji huo huo. Nafasi kati ya vipimo huamua sauti iwe nyembamba kiasi gani; haiamui usahihi wa saa. Asiyeamini hesabu na aamini macho. Mwaka 2013 Chris Montgomery, mwanzilishi wa Xiph.org, alitoa filamu fupi akipitisha mawimbi kwenye kigeuzi cha kidijitali cha kawaida na kuyatazama yakitoka upande wa pili kwenye osiloskopu ya analogi. Yalitoka laini, bila ngazi, na alipoyasogeza kwa wakati mdogo kuliko nafasi ya kipimo kimoja, yalisogea.

Liko shtaka la pili: kila kipimo hukadiriwa kwa namba isiyo na desimali zisizokwisha, kwa hiyo sauti nyororo, kama vile mwisho wa udi unaofifia, huharibika. Hili lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana watafiti walilishughulikia miaka mingi iliyopita. Ukiikadiria sauti ndogo bila tahadhari, kosa la ukadiriaji huifuata sauti yenyewe na kusikika kama mkwaruzo mbaya. Dawa yake inashangaza mara ya kwanza: kabla ya kukadiria, ongeza kelele kidogo sana isiyo na mpangilio. Kosa huachana na muziki, likawa mvumo mwembamba usiobadilika, na sauti iliyo ndogo kuliko hatua ndogo kabisa ya kipimo husikika ndani ya mvumo huo. Stanley Lipshitz na John Vanderkooy wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walilifafanua hili katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 wakachapisha pamoja na Robert Wannamaker nadharia yake kamili. Biti 16 za CD zinatoa nafasi ya desibeli zipatazo 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini. Santuri nzuri, mpya, juu ya mashine nzuri, hufika 60 au 70. Anayetafuta mahali udi unapofia asipatafute kwenye santuri. Huko atakuta mchakacho wa sindano.

Lakini muziki husikilizwa kwa masikio, si kwa vitabu vya hesabu. Vema, twende kwenye masikio. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society jaribio lililowachukua zaidi ya mwaka. Walichukua rekodi zilizouzwa kuwa za ubora wa juu kuliko CD, wakazicheza kwenye vyombo vya gharama, na katikati wakaweka swichi: mara sauti inapita kama ilivyo, mara inashushwa hadi kipimo cha CD. Wasikilizaji, wakiwamo wahandisi wa studio, walitakiwa kutambua. Katika majaribio 554 walipatia 276. Ukirusha shilingi hewani utapata matokeo hayohayo.

Sitaificha hoja iliyo bora zaidi ya upande wa pili. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary University of London alikusanya matokeo ya tafiti 18, zenye majaribio zaidi ya 12,500, akakuta kwamba watu wanaweza kuitofautisha sauti ya ubora wa juu na ya CD kwa asilimia 52.3. Ni zaidi ya bahati nasibu, na waliofunzwa walifanya vizuri zaidi. Sawa. Lakini tazama hiyo ni tofauti kati ya nini na nini: ni kati ya dijitali na dijitali. Hakuna hata tone la ushahidi humo kwamba santuri inabeba kitu ambacho namba haziwezi kukibeba. Na kama mauaji ya muziki yanayolalamikiwa redioni ni yale yanayogunduliwa kwa asilimia 52.3 ndani ya chumba kimya, basi marehemu ni mzima wa afya.

Kisha likaja sakata la mwaka 2022. Kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani ilikuwa ikiuza santuri za bei ghali kwa watu wanaoapa kwamba dijitali hawaigusi, na ikiacha ieleweke kwamba zinatoka moja kwa moja kwenye kanda za asili. Mwenye duka la santuri huko Phoenix alipouliza maswali, wahandisi wa kampuni wakakiri kwamba kwa zaidi ya miaka kumi nyingi ya santuri hizo zilikuwa zimepitia kwanza kwenye faili la kidijitali. Wateja walikasirika, kesi ikafunguliwa, kampuni ikakubali kurudisha fedha. Walikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa hawakuambiwa ukweli. Lakini katika miaka yote hiyo, masikio yaliyodai kuutambua ubaridi wa dijitali kutoka chumba cha pili yalikuwa yakiandika sifa za joto la santuri hizo. Hakuna aliyenyanyua kidole. Na wala si kampuni hiyo peke yake: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 mashine nyingi za kuchonga santuri zilitumia kifaa cha kidijitali cha kuchelewesha sauti ili kisu kipate nafasi ya kujipanga. Baadhi ya santuri zinazoabudiwa leo zilipita kwenye namba kabla hazijafika kwenye plastiki.

Hata dhana kwamba santuri hubeba sauti kama ilivyo haiwezi kusimama. Tangu 1954 viwanda hufuata mkunjo wa RIAA: wakati wa kuchonga, besi hupunguzwa ili mfereji usiwe mpana kupita kiasi, na sauti nyembamba hupandishwa ili zishinde mchakacho; mashine ya nyumbani hufanya kinyume chake. Besi nzito husogezwa katikati ya kushoto na kulia ili sindano isiruke. Herufi S ikiwa kali hupunguzwa. Kadiri sindano inavyosogea kuelekea katikati ya sahani, mfereji hupita chini yake polepole zaidi na ukwaruzaji huongezeka. Nyimbo ndefu za bendi zetu zilipotolewa kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 zilikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, magitaa upande wa pili, na mchezaji dansi akasubiri mtu ageuze sahani. Hivyo ndivyo kukatwa vipande kulivyo hasa.

Hapa msomaji atanijibu: mimi nina santuri na nina CD ya albamu ileile, na santuri ni nzuri zaidi, sioti. Naamini. Kosa liko kwenye kumtaja mwenye hatia. Tangu miaka ya 1990 kampuni za muziki zimekuwa zikishindana kwa ukubwa wa sauti, kila moja ikitaka wimbo wake ulie kuliko uliotangulia redioni. Njia ni kubana: sauti ndogo zinapandishwa, vilele vinakatwa, mpaka ngoma, filimbi na pumzi ya mwimbaji vinasimama kwenye kimo kimoja kama ukuta. Santuri haikubali ubanaji huo bila matatizo ya mfereji, kwa hiyo mara nyingi ilipewa nakala mama iliyobanwa kidogo. Tofauti unayoisikia imetoka kwa fundi aliyekalia kiti cha kumasta na kwa bosi aliyesimama nyuma yake.

Ushahidi ulitolewa hadharani mwaka 2008. Bendi ya Metallica ilitoa albamu ya Death Magnetic ikiwa imebanwa hadi kukwaruza, na maelfu ya mashabiki wakatia saini kuomba imiksiwe upya. Nyimbo hizohizo zilitolewa pia kwa ajili ya mchezo wa video wa Guitar Hero, bila ubanaji ule, na humo zilipumua. CD ilikuwa dijitali, mchezo ulikuwa dijitali. Kama dijitali ndiyo sumu, mbona mmoja alikufa na mwingine akapona?

Na dawa ya ugonjwa huo ilitoka kwa watu walewale wanaotuhumiwa. Watafiti wa sauti walitafuta namna ya kupima ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, wala si kama mita ya umeme inavyousoma. Mwaka 2006 Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, likaidhinisha kipimo hicho, BS.1770, na mwaka 2010 umoja wa watangazaji wa Ulaya ukakiwekea kanuni ya R128. Leo Spotify huushusha wimbo wenye kelele hadi kwenye LUFS −14 hivi kwa kipimo hicho, na YouTube nayo hushusha. Prodyuza anayebana wimbo mpaka ufe hapati tena ukubwa wowote huko. Anabaki na wimbo uliokufa, umeshushwa. Wengi bado wanabana. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na studio ikikosa subira husingizia kompyuta.

MP3 nayo iingie kizimbani, kwa kuwa hiyo kweli hutupa kitu. Karlheinz Brandenburg na wenzake huko Erlangen, Ujerumani, waliijenga juu ya tabia ya sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, kwa hiyo ile iliyofunikwa inaweza kuachwa. Walijipima kwa sauti tupu ya mwimbaji Suzanne Vega katika wimbo wa Tom's Diner, maana sauti ya mtu bila ala huumbua kila kosa. Ikipewa nafasi ya kutosha, kazi yao ni ya kustaajabisha. Ikinyimwa nafasi, tena wimbo ukitolewa kwenye video, ukageuzwa, ukarushwa kwenye simu na kugeuzwa tena, matoazi hugeuka maji yanayochemka. Nani alichagua kuunyima nafasi? Anayehukumu teknolojia nzima kwa faili lililopita simu kumi angetakiwa pia kuihukumu analogi kwa kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti. Tofauti ni kwamba kaseti haikuwa na namna nyingine: kila nakala iliongeza mvumo. Faili likinakiliwa mara elfu bila kugeuzwa, nakala ya elfu ni sawa na ya kwanza.

Auto-Tune ndiyo silaha ya mwisho ya walalamikaji. Andy Hildebrand, aliyekuwa akichambua mitetemo ya ardhi kwa ajili ya kutafuta mafuta, aliitoa mwaka 1997, na mwaka uliofuata mwimbaji Cher akaufanya mlio wake uwe mashuhuri kwa wimbo wa Believe. Wapenzi wa taarabu wana hoja nzito kuliko wote: kifaa hiki huvuta kila noti kwenye ngazi ya noti 12 za piano, wakati mwimbaji anayefuata maqamu (ngazi za Kiarabu) hupita katikati ya noti hizo kwa makusudi. Ni kweli kwamba huvuta, kikiachwa kilivyotoka dukani. Lakini ndani ya Auto-Tune kuna orodha ya ngazi nyingine, za Kiarabu na za Kihindi zikiwamo, na kuna kidhibiti cha kasi kinachoweza kuiacha sauti iteleze itakavyo. Lawama ni ya aliyekaa kwenye kiti, akabofya kitufe cha kwanza na kumtumia mteja ankara.

Nimesema kauli hii ina madhara, na madhara makubwa yako kwetu. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyokuwa studio ya bendi nyingi za nchi kwa miongo kadhaa, na sehemu kubwa ya muziki huo imebaki kwenye kanda za sumaku. Mkanda unaosifiwa kwa roho yake ni plastiki iliyopakwa unga wa sumaku kwa gundi. Gundi za aina fulani, hasa za miaka ya 1970 na 1980, hunyonya unyevu wa hewa, zikalainika na kuanza kunata kwenye mashine, na Dar es Salaam na Zanzibar hazina upungufu wa unyevu. Mashine za kuchezea nazo zinakwisha, na mafundi wake wanastaafu. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha hifadhi za sauti duniani, IASA, walitoa tahadhari kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi, kusoma kanda hizo kwa wingi kungekuwa kumefikia ukingoni. Mwaka huo umeshafika. Anayesema tuziache kanda kama zilivyo kwa kuwa dijitali huua roho ya muziki anasaini cheti cha kifo cha muziki anaoupenda.

Wakati huohuo, utafiti anaoubeza umekuwa ukifufua sauti kwa nusu karne. Mwaka 1976 RCA ilitoa nyimbo za Enrico Caruso, aliyefariki 1921, zilizosafishwa kwa kompyuta na Thomas Stockham wa Chuo Kikuu cha Utah. Caruso aliimba ndani ya tarumbeta la bati kabla ya enzi ya maikrofoni. Stockham alilinganisha rekodi yake na ya mwimbaji wa baadaye, Jussi Björling, akakadiria tarumbeta liliongeza nini, akakiondoa. Huko Cambridge, utafiti wa miaka ya 1980 uliochochewa na hifadhi ya sauti ya taifa ya Uingereza ukazaa mbinu za CEDAR za kufuta mikwaruzo ya sahani kwa kukokotoa sauti iliyopaswa kuwapo pale mkwaruzo ulipopita. Kwetu, Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodiwa kwenye sahani za mizunguko 78. Kama wajukuu wa wajukuu zake watamsikia akiimba badala ya kusikia sindano ikilima, watakuwa wamesaidiwa na hizo hizo namba zisizo na roho.

Kwa hiyo wenye redio, wenye familia za wanamuziki na wenye makabati: toeni kanda, zigeuzeni kwa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, nakala zaidi ya moja, mahali zaidi ya pamoja, kabla ya kuzisafisha au kuzipamba kwa lolote. Prodyuza, acha nafasi kwenye vilele. Hakuna anayekulipa kwa ukuta. Na mtangazaji wa zilipendwa, ukiona wimbo mpya hauna uhai, mtaje aliyeumiksi. Kompyuta iliandika ilichoambiwa.